Mtu Aliyekula Picha ya Joka

Katika Ufunuo wa Yohana, mlango wa 12, twasoma habari za joka kubwa jekundu aliyesimama mbele ya mwanamke aliyevikwa jua, akingoja kummeza mtoto wake mara atakapozaliwa. Mwingereza mmoja, William Blake (1757–1827), alizichora habari hizo kwa rangi za maji mwanzoni mwa karne ya 19, na mojawapo ya picha zake imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Brooklyn, mjini New York. Katika picha hiyo joka ametugeuzia mgongo, mabawa yake ameyatandaza, na chini yake yule mwanamke anang'aa.

Picha hiyo ndiyo kiini cha sinema iitwayo Red Dragon, iliyotolewa Marekani mwaka 2002 kutoka katika kitabu cha Thomas Harris cha mwaka 1981. Si sinema ya kuwaonyesha watoto. Yumo ndani yake mtu aitwaye Francis Dolarhyde, aliyeteswa utotoni na bibi yake aliyemlea, naye sasa ameua jamaa mbili nyakati za mwezi mpevu. Aliipenda picha ya Blake hata akachorwa joka huyo mgongoni mwake kwa sindano na wino. Kisha siku moja anakwenda Brooklyn, anampiga mwanamke aliyemwonyesha picha yenyewe, anairarua, anaitia kinywani na kuila.

Watazamaji wengi hushangaa hapo. Mtu anayeabudu sanamu huipaka mafuta, huilinda na wezi. Mbona huyu anaila?

Wako wasemao kwamba aliila ili Joka akae ndani yake kabisa. Neno hili lina nguvu, kwa maana katika Ufunuo huo huo, mlango wa 10, Yohana anapewa kitabu kidogo akile, na baada ya kukila anaambiwa imempasa kutoa unabii tena. Alichokila kikawa ujumbe wake.

Lakini iko habari nyingine ya kale. Katika Kutoka, mlango wa 32, Musa aliichoma ile ndama ya dhahabu, akaisaga, akaitia majini, akawanywesha Waisraeli. Hapo kumeza si kuheshimu. Ni kukidharau kitu, ili watu wajue ya kuwa mungu anayeweza kunywewa si mungu.

Je, Dolarhyde alikula kama Yohana, au alikula kama wale Waisraeli? Mimi naona sinema yenyewe inatujibu. Kabla ya safari ile amekutana na Reba, mwanamke kipofu afanyaye kazi katika chumba cha giza cha kusafishia picha. Reba hauoni uso wake, ambao yeye mwenyewe anauonea haya, wala hamwogopi. Siku moja anampeleka amguse chui milia aliyelazwa kwa dawa, naye asimama akimtazama mwanamke huyo alivyofurahi. Baadaye Joka aliye moyoni mwake anamtaka Reba auawe, naye hataki. Ndipo anakwenda Brooklyn. Basi hakuila picha ili awe Joka zaidi. Aliila ili Joka afe, na Reba apone. Ni tendo la mtu anayejaribu kuokoka, na kwa hiyo latupasa kumhurumia, ingawa damu aliyoimwaga haifutiki.

Hata hivyo hakufaulu. Mara anamwona Reba pamoja na mwanamume mwingine, wivu unamwaka, anamwua yule mwanamume, anamteka Reba na kuitia nyumba moto. Karatasi imo tumboni, na Joka yu hai. Kwa nini? Kwa sababu aliila ile picha ya Brooklyn, walakini ile nyingine ilikuwa mgongoni mwake, mahali asipoweza kupaona bila kioo. Bwana wetu alikwisha kufundisha kwamba kimwingiacho mtu kinywani hakimtii unajisi, bali yatokayo moyoni. Na kama chakula hakiwezi kuuchafua moyo, hakiwezi kuusafisha pia.

Hapa kwetu Mlalo jambo hili si geni. Mtu huzichoma hirizi zake mbele ya watu, nao hushangilia. Moshi ukiisha, chuki yake kwa jirani bado imo. Kuchoma ni kwema, ila si mwisho wa kazi. Vivyo hivyo wale wasemao kwamba sinema na picha ndizo zifanyazo wauaji, na zikiharibiwa zote tutakuwa salama, wanafanya kama Dolarhyde. Blake hakumwua mtu.

Tena mtu yule aliishika picha, hakuusoma mlango hata mwisho. Blake alichora joka akiwa juu na mwanamke chini, lakini hiyo ni saa moja tu ya habari ile. Katika mlango wenyewe mtoto ananyakuliwa, mwanamke anapewa mabawa ya tai, na anayetupwa chini ni joka.