Maembe ya Jirani: Kumbukumbu za Kila Siku na Lugha ya Kuziandika

Nguvu ya Petit Pays (2016), riwaya ya Gaël Faye kuhusu utoto mjini Bujumbura, haitokani na vita vilivyoanza 1993 pekee. Inatokana pia na maembe: watoto wanayaiba kwa jirani, kisha wanamwuzia jirani huyohuyo. Kisa hicho kidogo ndicho kinachompimia msomaji ukubwa wa kilichopotea. Shaaban Robert alikwishaipita njia hiyo katika Maisha Yangu, alipoifanya kazi yake ya ukarani na ndoa yake kuwa fasihi. Tofauti ni lugha: Faye aliandika kwa Kifaransa.

Mwambao wa Ziwa Tanganyika, kutoka Magara hadi Rumonge, una hazina ya aina hiyo: taa za wavuvi usiku, mukeke sokoni, mawese yakichemka. Mengi ya hayo husimuliwa pia kwa Kiswahili. Kwa hiyo, ufundishaji wa Kiswahili nchini Burundi hauna budi kuyapa nafasi katika insha. Mwanafunzi anayezoezwa mada za kuazima tu ataimudu sarufi, lakini kumbukumbu zake zitaandikwa na wengine, kwa lugha nyingine.