Kale, Kongwe na Kuukuu: Uhakiki wa Istilahi za Makabati ya Kifaransa ya Mitindo Iliyohuishwa, kwa Mtazamo wa Mpaka wa Rubavu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili kinavyoyataja makabati ya Kifaransa yaliyoundwa katika karne ya 19 kwa kuhuisha mitindo ya karne zilizotangulia. Mada hii yaweza kudhaniwa kuwa ya anasa. Hata hivyo, Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Tangu hapo, mpaka wa Gisenyi na Goma umekuwa mpaka wa ndani ya Jumuiya. Lugha rasmi haipimwi kwa hotuba bali kwa uwezo wake wa kujaza fomu bila utata. Hoja yetu ni kwamba usemi uliozoeleka, “kabati la kale la Kifaransa”, unachanganya mambo matatu: umri wa kifaa, umri wa mtindo na nia ya fundi.

2.0 Kifaa Kinachotajwa

Katika utawala wa Napoleon III (1852–1870), mafundi wa Paris, hasa wa mtaa wa Faubourg Saint-Antoine, walitengeneza samani kwa sura za enzi zilizopita. Kabati la vyombo la mtindo wa Henri II, lenye nguzo zilizokerezwa na michongo mizito, lilikaa katika vyumba vya kulia vya watu wa tabaka la kati hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Henri II mwenyewe alitawala kati ya 1547 na 1559. Vivyo hivyo, ufundi wa André-Charles Boulle (1642–1732) wa kutandaza shaba pamoja na magamba ya ng'amba juu ya mbao ulirudiwa kwa wingi karne mbili baadaye. François Linke (1855–1946), aliyetunukiwa medali ya dhahabu katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, alianzia kwenye mitindo ya Louis XV na kuitungia sura mpya, tena akitia jina lake katika kazi zake. Kwa hiyo kazi ya namna hiyo si ya kughushi, wala si nakala tupu. Ni mtindo uliohuishwa.

3.0 Uhakiki wa Istilahi

Kasoro tunayoihakiki haitokani na uhaba wa maneno. Kiswahili kinatenga kuukuu, yaani kilichochakaa. Kongwe, yaani kilichoishi miaka mingi. Na cha kale, yaani cha zama zilizopita. Kabati kongwe laweza kuwa imara. Kabati kuukuu laweza kuwa la miaka kumi tu. Kadhalika tunatenga bandia na nakala. Kasoro ni ya watumiaji: wafasiri wengi huliegemea neno kale pekee, kisha hulibebesha maana zote.

Jina la kifaa nalo lina historia inayofaa kuzingatiwa. Almari ya Kiswahili, iliyotufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi kutoka Kireno, na armoire ya Kifaransa zina asili moja: armarium ya Kilatini. Kinyarwanda nacho kina akabati, ambapo silabi ya kwanza imechukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, na wingi ukawa utubati. Mkazi wa Gisenyi basi ana majina ya kutosha ya kifaa. Anachokosa ni utaratibu wa kukieleza.

4.0 Athari kwa Sera

Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa za forodha huweka samani za kawaida katika sura ya 94, na vitu vilivyozidi miaka 100 katika kifungu cha 97.06. Toleo la 2022 limekigawa kifungu hicho: vilivyozidi miaka 250 vimetengwa na vingine. Tuchukue makabati matatu yenye sura ya Louis XIV: moja la mwaka 1700, jingine la 1870 na la tatu la 1960. Katika Kiswahili kilichozoeleka yote ni “makabati ya kale”. Katika forodha kila moja lina mahali pake. Mtindo hauamui lolote hapo. Mwaka wa kuundwa ndio unaoamua.

Malighafi nayo ina uzito. Ng'amba yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, hivyo biashara ya kimataifa ya gamba lake imedhibitiwa vikali. Tafsiri inayosema “mapambo ya kobe” humpeleka afisa kwa mnyama mwingine kabisa, ilhali wavuvi wa pwani yetu wamemtaja ng'amba kwa jina lake siku zote.

Suala hili si la samani za Wafaransa peke yao. Masanduku ya Zanzibar yenye njumu za shaba yangali yakitengenezwa kwa sura ya zamani na kuuziwa wageni. Tukiyaita yote “ya kale”, tunamnyima fundi wa leo sifa ya kazi yake, na tunalificha sanduku kongwe linalostahili kulindwa.

5.0 Hitimisho

Tunapendekeza kwamba maelezo ya samani katika nyaraka rasmi za Kiswahili yajibu maswali matatu kwa mpangilio: kimeundwa lini, kwa mtindo wa zama zipi, na kwa uhusiano gani na mtindo huo, yaani asilia, uliohuishwa, nakala au wa kughushi. Mfano ni huu: “kabati kongwe, limeundwa Paris takriban 1870, mtindo wa Louis XIV uliohuishwa, limepambwa kwa shaba na gamba la ng'amba.” Maneno yote hayo tunayo. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mamlaka za mapato za nchi wanachama zinaweza kuyaingiza katika miongozo yao ya tafsiri bila kubuni istilahi hata moja mpya.