Mwalimu wa zamu

Barabara ya kwenda Nkwenda hadi Murongo, mpakani na Uganda, inaanzia Omurushaka. Malori hupita hapo, na bodaboda zilizopakia mikungu ya ndizi, na watoto wa shule ya msingi. Alasiri, kengele ikishalia, mwalimu wa zamu husimama kando ya barabara, jua au mvua, akiwavusha kwa mafungu.

Siku yake ilianza alfajiri. Amehesabu walio mstarini, ameandika kitabu cha zamu, amemtafutia mgonjwa mtu wa kumfikisha zahanati. Mtoto asipoonekana siku mbili, yeye au mwalimu wa darasa humpigia mzazi, mara nyingi kwa salio lake mwenyewe. Msimu wa kahawa ndio mgumu hasa: nyumba nzima iko shambani, simu imeachwa dukani ikichajiwa, na barua aliyokabidhiwa mtoto hukaa mfukoni mpaka inafuliwa pamoja na kaptula.

Hapo humbidi apande mlima, apite migombani, abishe hodi, kisha aeleze polepole, Kinyambo kikichanganyika na Kiswahili, kwamba mtoto amekuwa akiishia njiani. Safari hiyo haina posho, na bado ana madaftari ya kusahihisha.

Jioni, mtoto wa darasa la kwanza anayemsubiri dada yake aliye kwenye masomo ya ziada hukaa naye kwenye ngazi za ofisi. Mwalimu haondoki. Nasi wazazi, tukiwaona watoto wanaingia uani, tunauliza tu kama wamekula.