Bei ya franka ambayo boutike yenyewe haiikubali

Vijana wengi wenye kufungua boutike ya mu intaneti siku hizi wanapenda sana kitu kimoja: mteja anafungua ukurasa na bei inageuka yenyewe kwa feza ya inchi yake. Ukiwa Brussels unaona euro, ukiwa Lubumbashi unaona franka. Wanasema ni kumuheshimu mteja. Mimi nasema hapa kwetu, kwa namna inavyofanywa, ni heshima nusu, na ile nusu ingine njo inamla mteja.

Tuangalie kwanza inavyotumika. Boutike nyingi zimehifadhi bei moja tu, kwa dola. Programu inachukua kiwango cha siku kutoka pahali fulani huko inje, inazidisha, inakuonyesha franka. Wewe unachagua, unajaza adresi, unafika pa kulipa: dola inarudi. Ile franka ilikuwa picha tu. Boutike haikuahidi kupokea feza ile, na mara nyingi haina hata njia ya kuipokea.

Niko mtu wa agronomia, basi nichukue mfano wa shamba. Tuseme mfuko wa urea wa kilo 50 ni dola 48,50. Mlimaji wa mahindi mwenye hektari moja anataka mine, ni dola 194. Siku ya kwanza ukurasa unamuonyesha 543 200 FC, juu programu imehesabu dola kwa 2 800. Anauza meka zake za mahindi, anakusanya hesabu ile ile. Siku ya kulipa anaambiwa dola, anaenda kwa bakambisti, na kambisti anamuuzia dola kwa 2 870. Sasa ni 556 780 FC. Amekosa 13 580. Kwa sisi tunaosoma hii kwenye telefone ni kitu kidogo. Kwake maana yake ni kuacha mfuko moja, ao kungoja juma moja, na mahindi haiwezi kungoja urea juu ya kiwango cha dola. Ukikosa wiki yake, mazao unayahesabu chini.

Na hapo nimechukua tofauti ya siku chache tu. Mukumbuke 2023: mwanzo wa mwaka dola ilikuwa karibu na 2 000 FC, mwisho ilipita 2 600. Ile mifuko mine, bila kupanda hata senti moja kwa dola, ingetoka 388 000 ikapita 504 400. Nani alibeba mzigo ule? Si mwenye boutike, yeye alikuwa amelala ndani ya dola yake. Njo shida yangu kubwa na hii mtindo: inaonyesha franka kwa kuvuta mteja, lakini hatari yote ya franka inabaki kwake.

Kuna mambo madogo yenye kuonyesha kama hakuna mtu aliyefikiri. Bei inaandikwa 543 200,00 FC. Hizo santimu ni za nani? Mu vitabu vya kimataifa franka yetu imeandikwa na tarakimu mbili kisha mkato, wakati franka ya Rwanda na ya Burundi hazina hata moja, basi programu inafuata kitabu. Mtu wa soko akiona vile anajua mara moja hii bei haikuandikwa na mtu. Mbaya zaidi ni kule Goma na Bukavu, ambako wengi wanatumia laini za Rwanda. Programu inafikiri mtu iko Rwanda, inamuandikia franka ya kule. Kama mwenye boutike ameweka herufi F peke yake, mteja anaona bei ndogo ajabu, anafurahi bure.

Alafu kuna livreri. Boutike zingine zinasema utalipa mukononi, kwa dola. Sawa: dola 194. Unatoa noti ya 100, ya 50, mbili za 20. Zinabaki dola ine, na noti ya dola moja hapa wengi wanaikataa, kama vile wanakataa yenye kupasuka kidogo. Basi unamaliza na franka. Kwa kiwango gani? Cha livreri! Nimeona ukurasa una kiwango chake, kambisti chake, na kijana wa moto chake, mu komande moja.

Watu wataniambia: sasa turudi kwa dola peke yake? Apana. Mama anayeuza unga anahesabu kwa franka, na ana haki ya kujua kitu kinamkula franka ngapi bila kutafuta kalkileta. Wauzaji wa soko ya komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, walishamaliza hii swali bila programu. Ukiuliza bei ya kitu cha kutoka inje, anakwambia dola ngapi, anakwambia leo anapokea dola kwa ngapi, na ukitoa franka kwa kiwango kile anapokea palepale. Akibadilisha kesho, atakwambia kesho.

Boutike ya intaneti inaweza kufanya vilevile, na si kazi ngumu. Iandike dola, chini yake franka, na kiwango chake, na siku ambayo kitaisha, tuseme juma tatu ijayo. Izungushe kwa mamia, itoe santimu. Imwache mteja achague inchi mwenyewe. Na zaidi ya yote, ifungue konti ya franka: M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zote zinaruhusu konti mbili, ya dola na ya franka. Kama boutike inaogopa kupokea franka juu inaweza kuanguka kesho, basi iongeze kitu kidogo ndani ya kiwango chake na ikionyeshe wazi kabla mteja hajabonyeza. Mteja atapima, atakubali ao atakwenda kwingine, lakini atajua ni franka ngapi zitatoka mukononi mwake.