Desmodiamu kati ya mahindi: kazi iko kwenye majuma ya mwanzo

Ukisoma maelezo mengi ya Vuta-Sukuma, mbinu ya kulinda mahindi kwa kuyachanganya na mimea mingine, utadhani kemia ndiyo iliyofanya kila kitu. Mbinu hii ilianza katika miaka ya 1990 kwenye kituo cha Mbita cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, ambako Zeyaur Khan na wenzake walishirikiana na kituo cha utafiti cha Rothamsted cha Uingereza. Matete yalipandwa kuzunguka shamba ili nondo wa bungua, mdudu anayetoboa mabua, avutwe kutaga huko, na desmodiamu, mmea wa malisho, ikapandwa katikati ya mahindi ili imfukuze. Kisha likaonekana jambo ambalo halikuwa limetafutwa: palipoota desmodiamu, kiduha (striga), gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kilipungua mno.

Mbegu ya kiduha ni ndogo kama vumbi, na huweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10 mpaka iguswe na kemikali zinazotoka kwenye mizizi ya mahindi. Mizizi ya desmodiamu nayo huiamsha, lakini hutoa pia kemikali nyingine zinazodumaza kijizizi chake kabla hakijashika mahindi. Mbegu inaota, inakosa pa kunyonya, inakufa. Kunde na maharage yanayochanganywa na mahindi huondoka na msimu. Desmodiamu ni mmea wa kudumu, kwa hiyo inaendelea kuimaliza akiba ya kiduha hata shamba likiwa halina mahindi.

Upande wa wadudu bado una mjadala. Utafiti wa karibuni juu ya desmodiamu ya majani ya kijani haukuona harufu kubwa ya kufukuza nondo; uliona vinyweleo vyenye ndoana vinavyonasa viwavi na kuwajeruhi. Aliyewahi kutoka shambani suruali ikiwa imejaa maganda ya desmodiamu hatashangaa.

Lakini mmea huu wenye maua madogo ya waridi ni wa porini, asili yake Amerika ya Kusini na ya Kati, na haujafugwa kama maharage yalivyofugwa. Mbegu yake ni ndogo, na mche wake huanza kwa uvivu. Hapo ndipo wengi hushindwa, wakalaumu mbegu.

Mahindi hupandwa kwa mistari ya sentimita 75. Katikati ya kila mistari miwili chora mfereji wenye kina kisichozidi sentimita 2, mvua za kwanza zinapoanza. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili isambae sawasawa (kilo 1 hutosha ekari), kisha ifukie kwa udongo laini kidogo tu. Ukiifukia kama mahindi, haitatoka.

Palilia juma la tatu, kisha la tano au la sita, kwa mkono pale mstarini. Mche mchanga hufanana na gugu, na kibarua asiyeelekezwa ataung'oa wote kwa bidii kabisa. Kama jirani anayo tayari, omba matawi: kipande chenye vifundo viwili au vitatu, kikifukiwa udongo ukiwa na unyevu, hushika bila shida ya mbegu.

Msimu wa kwanza usitarajie makubwa. Kuanzia wa pili, ikate kabla ya kupanda mahindi na tena inapoanza kuyakwea, ulishe ng'ombe au mbuzi. Usilime mstari wake. Desmodiamu ya majani yenye mchirizi wa fedha haipendi ukame; kwenye mvua haba chagua ya majani ya kijani, na badala ya matete tumia nyasi ya brakiaria ya Mulato II.

Nadhani kikwazo kikubwa hakimo kwenye maelekezo hayo. Kimo kwenye desturi ya kuachia mifugo mashamba yote baada ya mavuno. Ng'ombe huipenda desmodiamu kuliko mabua, na kundi moja la jirani huweza kuila mpaka shinani katika kipindi ambacho kiduha kilipaswa kuendelea kufa. Asiye na uzio inabidi azungumze na majirani kabla hajanunua mbegu.