Sifa za Kamba ya Kafi

Mwindaji wa Greenland aliyetoka na kayaki kutafuta sili alizungukwa na kamba. Mbele yake, juu ya sitaha ya ngozi, kulikuwa na kigoda cha mviringo ambapo kamba ya chusa ilikunjwa duara juu ya duara. Nyuma ya mgongo wake lilikaa boya la ngozi ya sili iliyojazwa pumzi, nalo lilifungwa mwisho wa kamba hiyo. Chusa kilipopenya, mnyama alizama, kamba ikamfuata kwa kasi, na boya likatupwa majini limchoshe. Duara moja likimnasa mtu mkono, au likikwama kwenye chombo, kayaki ilipinduka papo hapo. Wawindaji wale waliijua hatari hiyo kuliko yeyote anayeijadili leo, na bado hawakuiacha kamba. Walichonga kigoda, wakamfunga sili kwenye boya badala ya kumfunga kwenye chombo, wakafundishana kukunja. Hatari ya kamba waliijibu kwa ufundi wa kamba.

Naanzia huko kwa sababu wapiga kayaki wa baharini wa siku hizi, hasa Uingereza na Amerika Kaskazini, hawaishi kubishana juu ya kamba nyepesi inayolifunga kafi kwenye chombo. Mimi nasema lifungwe, na sababu yangu ya kwanza ni upepo. Kayaki ya bahari ina urefu wa mita tano hivi na uzito wa kilo 25 hivi. Ikimpoteza mtu wake huelea juujuu, na upepo wa wastani huipeleka kasi kuliko anavyoweza kuogelea mtu aliyevaa jaketi la kujiokolea na nguo za baridi. Kafi lenyewe hulala bapa majini, upepo usilipate, likabaki nyuma. Sasa fikiria: anayepinduka na kutoka kwenye tundu lake mara nyingi hutoka na kafi mkononi, maana ndilo alilokuwa amelishika. Likiwa limefungwa, kulishika kafi ni kukishika chombo. Hii ndiyo faida kubwa ya kamba, nayo hutajwa kidogo mno. Watu huizungumzia kana kwamba kazi yake ni kulinda pesa walizonunulia kafi. Wapo wanaojibu kwamba wana kafi la akiba, lile la vipande viwili linalobebwa sitahani. Ni jambo jema kuwa nalo, lakini liko juu ya chombo, na chombo ndicho kilichoondoka.

Sababu ya pili ni vidole. Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, aliyechunguza kwa miaka mingi mwili wa binadamu katika maji ya baridi, hufundisha hesabu rahisi: dakika 1 ya kuitawala pumzi, dakika 10 za viungo kufanya kazi ya maana, saa 1 kabla ya baridi kumpotezea mtu fahamu. Hesabu hiyo ni ya maji ya baridi kali. Mafia au Malindi upepo utabaki tatizo lakini vidole havitakufa ganzi. Huko kaskazini, mkono ulioshika kafi barabara mwanzoni huanza kuliachia bila mwenyewe kutaka. Kamba haifi ganzi.

Lakini ganzi hiyohiyo inawapa wapinzani hoja yao nzito: mtu akinaswa, vidole visivyohisi vitamnasuaje? Hapa sina budi kukubali sehemu. Kwenye mawimbi yanayovunjika ufuoni, kayaki hubingirishwa, na kafi lililofungwa huwa rungu lililoning'inizwa karibu na kichwa cha mtu. Humo kamba haina kazi, ivuliwe mapema. Nje ya hapo, swali ni namna ilivyotengenezwa. Isifungwe kwenye kifundo cha mkono wala kiunoni, maana kinachotakiwa kuungana na kafi ni chombo. Ncha moja ikazwe kwenye mpini wa kafi, ya pili kwenye kamba ya sitaha mbele ya tundu, kwa kishikizo chenye kitanzi kipana kinachofunguka kwa kuvutwa na mkono wenye glavu. Iwe ya mpira unaonyumbuka, na ipimwe nchi kavu: kaa ndani, nyoosha mkono kulia hadi mwisho, kisha kushoto. Ikikuzuia ni fupi. Ikilegea na kuangukia mapajani ni ndefu, na hilo duara la mapajani ndilo linalonasa watu. Wengi wanaoilaani kamba, nadhani, walikutana na ndefu.

Kuna pingamizi la kiburi pia, kwamba fundi haliachii kafi lake. Tazama basi mashindano ya kayaki ya Greenland. Kuna mbinu zaidi ya 30 za kupinduka na kujiinua, na baadhi hufanywa bila kafi kabisa: kwa kibao cha kurushia chusa, kwa mkono mtupu, hata kwa mkono ulioshika jiwe. Mbinu hizo hazikubuniwa na watu walioamini kwamba kafi halipotei. Na Gino Watkins, Mwingereza aliyejifunza kwa wenyeji wa Greenland ya mashariki hadi akawa hodari wa kujiinua, alitoka peke yake kuwinda sili mwezi Agosti 1932, akiwa na miaka 25. Kayaki yake ilikutwa ikielea tupu. Yeye hakuonekana tena. Sidai kwamba kamba ingemwokoa. Nasema tu kwamba hata hodari anaweza kutenganishwa na chombo chake.

Kwa hiyo, ukiwa peke yako, au upepo ukivuma kutoka nchi kavu, au ukihitaji mikono yote miwili kusoma ramani au kumsaidia mwenzako, funga. Ukikaribia mawimbi ya ufuoni, fungua. Na kabla ya hayo yote, jipindue makusudi kwenye maji tulivu, mwenzako akiwa karibu, ufungue kishikizo umefumba macho, kwa mkono wa kulia na kisha wa kushoto. Ukishindwa hata mara moja, kibadilishe kabla ya kwenda baharini.