Pengo la Mwalimu wa Hesabu

Kijitabu cha jubilei ya chuo cha ualimu nilichosoma na baadaye kukiongoza kimenifikia, nami nimekisoma mara mbili. Maandishi ni safi. Sura ya mashamba ya chuo imeandikwa na mtu aliyeshika jembe kweli. Ugomvi wangu ni juu ya picha ya ukurasa wa 17, wakufunzi wa mwaka 1974 wakiwa wamesimama mbele ya bwalo.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na pengo mbele, nasi tulilijua kama tulivyoijua sauti ya kengele. Kijitabuni ana meno kamili, meupe, na paji la uso lisilo na kunyanzi. Mjane wake aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwalimu, huyu ni nani?"

Mhariri, ambaye nilimfundisha, alinijibu kwa adabu: "Picha ilikuwa hafifu, Mwalimu, tukaisafisha."

Nakiri kwamba kosa lilianza kwangu. Niliipiga picha kadi ya zamani kwa simu, nikaituma kwa WhatsApp, nayo ikapunguzwa njiani. Ilifika na nukta 600 kwa upana. Kwa kipimo kilichozoeleka cha uchapaji, nukta 300 kwa inchi, hizo zinatosha inchi 2 tu. Wao waliitaka inchi 6, wakaikuza kwa programu ya akili bandia. Ukuzaji wa zamani hukadiria nukta mpya kwa kutazama zilizo jirani. Picha hutoka na ukungu, lakini mtu hubaki yule yule. Programu hizi mpya hujaza kwa yale zilizojifunza katika picha za watu wengine. Penye pengo zikaweka jino.

Ningekuwa mhariri, ningeichapa ndogo, au ningeikuza kwa njia ya zamani na kuzima kabisa sehemu ya kurekebisha nyuso. Sisi tuliotunga mitihani kwa stensili zilizovuja wino hatuogopi ukungu. Zaidi ya yote, ningeomba kadi yenyewe. Ina upana wa inchi 5. Ikipitishwa kwenye skana kwa nukta 600 kwa inchi, hutoa nukta 3,000, na hizo zinatosha ukurasa mzima.

Kadi nimeitia katika bahasha ngumu. Mjukuu wangu ataipeleka Jumatatu. Mjane ameomba nakala moja, yenye pengo.